Mama Aliponiagiza Nimuue Riwayani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe tena! Jumapili nyingi nimekaa hapa nikijiuliza: nikisimama nikasahau je? Nikilia je? Leo nimesimama, na nikilia mtanivumilia.

Mnanijua kama binti wa fundi cherehani wa Mlandege, yule aliyemaliza chuo akakosa kazi. Wachache mnajua kwamba naandika riwaya. Si za mapenzi. Ni zile zinazoingia kichwani mwa mtu mwenye hofu na kumkalisha msomaji roho juu. Ya kwanza inamhusu mwanamke wa Mji Mkongwe anayesikia mtu akitembea juu ya dari lake. Ya pili ni ya bwana harusi anayetoweka Bwejuu siku ya harusi. Zilipendwa! Mchapishaji akaniomba ya tatu.

Lakini nilikuwa kwenye kifungo cha hofu. Baada ya riwaya ya kwanza, dari la jirani yetu liliporomoka. Baada ya ya pili, mchumba wa binamu yangu alikwenda bara, hakurudi. Mwingine angesema dari lilikuwa bovu na kijana alikuwa mhuni. Mimi nikasema: ni mimi! Kwetu tumelelewa hivyo, ukitaja kifo tu mtu anakukatiza, "Mdomo wako!", usije ukaita balaa. Basi mimi niliyeandika balaa kitabu kizima, nimeita mangapi?

Katika riwaya ya tatu, mama wa mhusika mkuu anafia kwenye upasuaji. Hofu yote ya kitabu inaelekea hapo. Nikiwa nimebakiza sura hiyo tu, daktari akamwambia mama yangu kuwa uvimbe wa shingoni lazima ukatwe.

Ndugu zangu, nikaona ni mimi tena! Nikabadilisha mwisho, nikampeleka yule mama Mbweni kupumzika. Yeye akapona, riwaya ikafa. Mchapishaji akaikataa. Nikaapa kuacha uandishi kabisa ili mama yangu aishi. Nilidhani huo ni upendo. Kumbe ni utumwa!

Asubuhi ya upasuaji, wodini, mama akasema, "Nisomee mwisho wa kitabu."

"Nimeacha kuandika, mama."

Nikamweleza yote, machozi yananitoka. Nilidhani atanikumbatia. Alicheka mpaka akajishika shingo!

"Bi Asha!" akamwita mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Naam."

"Mwanangu huyu anajiona Izraili. Ati akiandika, watu wanakufa."

"Basi mwambie aandike mume wangu kaninunulia friji," Bi Asha akajibu. "Tuone kama kalamu yake inafanya kazi."

Mama akanishika mkono. Sasa hakuwa anacheka. "Roho yangu kanipa Mungu, na akiitaka ataichukua mwenyewe. Hajakuajiri wewe. Muue huyo mama wa kitabu, nimsikie. Nshachoka kusubiri."

Nikatoa simu, nikaandika palepale kitandani pake, kila sentensi na sala yake. Nikaisoma kwa sauti. Bi Asha akalia. Yule mama wa kitabu akakata roho, nami nikainua macho: mama yangu anapumua! Haleluya!

Kisha wauguzi wakaja wakamchukua.

Ndugu zangu, mimi ninayerudi kukagua kitasa cha mlango nikiwa nshafika barabarani, nilikaa nje ya chumba kile nimetulia. Sikujua kama atatoka. Huo ndio ushuhuda wangu! Bwana alinifungua kabla mlango haujafunguliwa.

Na akatoka, sauti imekwaruza, akauliza kama nimekula. Yule pale mwenye mtandio wa kijani! Riwaya imechapishwa, na mwisho ule ule wa wodini. Ninaandika ya nne, na humo watu watakufa, wala siombi radhi!

Namshukuru Mungu, nawashukuru nyote mliomwombea mama. Nawe uliyekaa hapo, unayeogopa hata kuwaza jambo baya lisije likampata unayempenda, mkabidhi Bwana mtu huyo leo. Uhai wake haujawahi kuwa mikononi mwako hata siku moja, na hiyo, ndugu yangu, ni habari njema!