Mama Charline, Binti Aliyechagua Atelye

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Mama Charline Kahindo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika atelye, karakana yetu ya miguu ya bandia, hapa Murara, Goma.

Alipomaliza sekondari, baba yake, Mwalimu Kambere, alimtafutia nafasi katika chuo cha ufundi Bukavu. Mizigo ilikuwa imefungwa. Charline akapita hapa kumuaga rafiki, akamkuta Papa Buhendwa, mkuu wetu wa wakati ule, akimvalisha mkulima mguu mpya. Akaomba kazi papo hapo. Mwalimu aliwaka. “Mutoto wa mwalimu anakimbia masomo?” Kwa muda mrefu hawakuzungumza.

Papa Buhendwa alimpa ufagio na ndoo ya plasta kabla ya kumpa kifaa chochote. Mguu wa kwanza aliotengeneza ulikuwa wa Mama Uwingabire, muuza makaa wa mtaa wa Ndosho. Mama aliuvaa, akazunguka chumba, akasema kwa upole, “Muguu ni muzuri, lakini si wangu.” Charline alilia nyuma ya tanuri la kulainishia plastiki. Kesho yake alimfuata Ndosho, akamtazama anavyokanyaga mawe ya volkano na gunia kichwani, akarudi kuutengeneza upya. Safari hii Mama Uwingabire alicheza uani kwetu mpaka tukamshangilia.

Tangu hapo Charline hakukabidhi mguu kabla ya kumwona atakayeuvaa akitembea mtaani kwake. Sasa sote tunafanya hivyo.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamfanya Mwalimu Kambere akatwe mguu. Aliletwa kwetu macho chini. “Papa, uniegemee,” Charline alimwambia. Muzee akaegemea. Jumapili alipofika misani na mguu mpya, bila kushikwa mkono, aliwasimamisha watu mlangoni mwa kanisa: “Fundi wangu ni binti yangu!”

Charline hakuwahi kudharau shule. Ndiye aliyeomba tuwapokee wanafunzi wa chuo kwa mazoezi. Exaucée, anayemrithi kazini, alikuja kwa njia hiyo. Wanafunzi hao wakamfundisha Charline kuchora miguu kwenye kompyuta, na makosa yake mwenyewe yalimchekesha kuliko mtu yeyote.

Mama Charline, asubuhi hii watu wengi wa Goma wamefunga mikanda ya miguu uliyowatengenezea, wakaenda sokoni, shambani, kazini. Kwa niaba yao na yetu, aksanti sana. Pumzika vizuri nyumbani kwako, mtaa wa Mapendo, Mungu akupe afya na wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Julien, kwa niaba ya wenzako wote