Sahihisho la Dk. Maureen Entwistle

Dada yangu Maureen alizaliwa Oldham tarehe 9 Machi 1944, kifungua mimba wa Harold na Edna, wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Mimi, Brenda, nilimfuata baada ya miaka sita, na tangu hapo nimembebea vitabu. Leo nimechoka, mtanisamehe.

Alisoma shule za mtaani kwetu, na mwaka 1962 akaingia chuo kikuu mjini Leeds. Baadaye alifundisha fasihi ya enzi ya Malkia Victoria kwa miaka thelathini na mmoja. Kitabu chake cha mwaka 1978 ndicho kilichompa jina. Humo alidai kwamba Letitia Garside, mwandishi wa riwaya wa zama hizo, aliwahurumia wafanyakazi wa viwandani lakini aliogopa kuwapa sauti. Wahakiki walikubali, wanafunzi wakakariri.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Clifford Haworth. Fungate walikwenda Whitby, na bibi harusi akasoma kutwa.

“Maureen, tumekuja wawili au watatu?” Clifford aliuliza. “Huyo Garside wako hata chai hatuachii.”

“Vumilia, mume wangu. Zimebaki sura mbili tu.”

Zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Clifford alitutoka mwaka 2009.

Riwaya za enzi ile zilitoka kwanza gazetini, kipande kila wiki, ndipo zikajalidiwa kuwa kitabu. Za Garside, Maureen alikuwa amezisoma kwenye vitabu pekee. Mwaka 2011 alifungua magazeti yenyewe, akamkuta katika riwaya mhusika mmoja, mfumaji wa kike, akiwahutubia matajiri wa kiwanda kurasa nne nzima. Mchapishaji wa kitabu ndiye aliyezikata kurasa hizo. Akanipigia simu analia.

“Brenda, nimemsingizia marehemu wa watu miaka thelathini na tatu!”

“Si useme tu kwamba ulikosea?”

“Niseme wapi? Nani ananisikiliza mimi kikongwe?”

Aliandika makala. Majarida matano yaliirudisha, moja likisema mjadala huo umepitwa na wakati. Iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye.

Januari mwaka jana aligundulika ana saratani ya kongosho. Nilimuuguza kwangu hadi alipofariki, tarehe 3 Novemba 2023.

“Kwenye wasifu msinisifu kwa kile kitabu,” aliniagiza. “Andika nilikosea, na sahihisho hilo mlipige chapa.”

“Dada, msibani watu hawasemi hivyo.”

“Basi angalau hawatasinzia.”

Ameacha binti, Alison, mkwe, Graham, wajukuu wawili, na mimi.

Fungueni ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyoshika. Pameandikwa: Letitia Garside hakuogopa. Maureen Entwistle alikosea.

Pumzika sasa, dada. Sahihisho lako limeshapigwa chapa.