Ezra Yiamat, Aliyelainisha Gari Lake kwa Ajili ya Wagonjwa

Karibuni tukae pamoja, wasikilizaji wapendwa. Uliyeko jikoni, uliyeko shambani, uliyeko njiani, sogeza redio karibu. Mimi ni Ummy Najim. Leo tunamkumbuka dereva mmoja, jina lake Ezra Yiamat.

Ezra Yiamat alikuwa mkulima na mfugaji wa huko juu ya Oldonyo Sambu, magharibi mwa Mlima Meru. Amefariki masika haya, akiwa kwenye usukani, akimshusha mgonjwa kumpeleka hospitali. Tumeshamzika. Lakini kuna mambo hayajasemwa, na familia yake imeniomba niyaseme.

Wengi wenu mlilijua gari lake. Pikapu ya kijivu, bodi imebonyea upande wa kushoto. Zamani ilishusha viazi na karoti mjini, na siku nyingine mawe ya ujenzi. Ili ihimili mzigo huo, Ezra aliiongezea vyuma kwenye springi za nyuma. Kwa wasiojua magari niseme hivi: springi za nyuma za pikapu ni vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ukiongeza vyuma, gari linabeba zaidi. Lakini likiwa halina mzigo linakuwa gumu. Kila penye shimo linaruka, na aliyeko nyuma anarushwa nalo.

Ezra alikuwa na binti, Sinyati. Sinyati alikuwa na mimba yake ya kwanza, na asubuhi moja akaanza kutokwa damu. Gari jingine halikuwepo pale kijijini. Ezra akamlaza binti yake nyuma ya pikapu, juu ya godoro. Mama yake, Resiato, akapanda naye, akampakata kichwa.

Barabara ile mnaijua. Mawe, vumbi, makorongo. Resiato, ambaye sisi tunamwita Mama Sinyati, ameniambia hivi:

“Kila gari likiruka, mwanangu ananibana mkono. Nagonga kioo, namwambia baba yake, polepole. Anakwenda polepole, linaruka vilevile. Nikimwangalia, damu imezidi. Halafu likaruka tena, na safari hiyo hakunibana mkono.”

Sinyati alikata roho kabla hawajaifikia lami. Yeye na mtoto tumboni.

Baada ya mazishi, Ezra alishuka na pikapu ile hadi Kaloleni, kule mjini, kwa fundi wake wa springi. Anaitwa mzee Jabiri Twahir. Kazi hiyo ameifanya tangu ujanani, na vyuma vile vigumu ni yeye aliyekuwa amevifunga. Mzee Jabiri anakumbuka maneno yao.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, Ezra. Pole sana kwa msiba. Gari lina nini, tuongeze tena?”

“Leo nataka utoe.”

“Nitoe nini?”

“Toa vyuma. Nataka mtu akilala huku nyuma asiumie.”

“Nikitoa, viazi hubebi tena.”

“Sibebi tena viazi, mzee.”

Basi mzee Jabiri akafungua springi zote. Akatoa vile vyuma vinene vya chini. Akaweka vingine vyembamba, virefu zaidi. Akabadilisha pia shokapu, zile za kupunguza mtikisiko. Kisha Ezra akapanda nyuma, akalala chali kwenye bati tupu, akamwambia fundi aendeshe. Wakazunguka njia za mashimo kule Sokon One. Waliporudi, Ezra akatikisa kichwa. “Bado.” Mzee akafungua tena. Wakazunguka tena. “Bado.”

“Nikamuuliza, wewe unajuaje kwamba bado?” anasema mzee Jabiri. “Akaniambia, Mama Sinyati amenieleza ilivyokuwa. Sikumuuliza tena. Mara ya mwisho tuliporudi, hakushuka. Nikadhani kapitiwa na usingizi. Kwenda kuangalia, yule mtu amelala vilevile, analia.”

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mzee Jabiri alimwonya. Alimwambia, gari hili sasa ni la mgonjwa na wasindikizaji wawili. Ukizidisha, springi italala yote, na chuma kikuu kitakatika. Kikikatika, ekseli, ule mhimili wa magurudumu, inahama, na hapo gari halikutii. Mgonjwa na wasindikizaji wawili, basi.

Ezra alilishika neno hilo. Kwa miaka aliyobakiwa nayo alishusha hospitali wajawazito, wazee, watoto wenye degedege. Aliendesha kioo kiko wazi hata kwenye baridi, akiwaambia wa nyuma kila kilichoko mbele. “Kuna jiwe mama, jishike. Hapa pazuri. Sasa tunaingia korongoni.” Ukimsimamisha njiani akupe lifti, hakupi. Watu wakasema anaringa. Wakasema, tangu afiwe amekuwa na roho mbaya.

Siku aliyofariki mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Alikuwa amembeba mzee Lemayian, aliyeteleza zizini akavunjika nyonga. Mzee huyo alilala kwenye godoro, amesindikizwa na wanawe wawili. Walipofika korongo kubwa, maji yalikuwa yameanza kuja kutoka mlimani. Ukingoni walikuwepo watu waliotoka mnadani, wamekwama, wengine wamebeba watoto mgongoni. Walipoiona pikapu, wakapanda.

Mzee Lemayian yu hai, bado yuko kitandani. Amenisimulia mwenyewe.

“Walipanda kabla hajasema neno. Akatoa kichwa dirishani. Akasema, ndugu zangu, shukeni, springi hizi haziwezi, nikimfikisha mzee ng'ambo nitarudi kuwachukua. Mmoja akamjibu, kwani sisi si watu? Hakuna aliyeshuka. Na maji yanapanda. Ezra akaniangalia mimi, akayaangalia maji. Akaingiza gia.”

Waliyavuka maji. Ilikuwa kwenye kupanda ukingo wa pili, uzito wote umerudi nyuma, ndipo springi ya kushoto ikakatika. Gari likayumba, likarudi kinyumenyume, likalalia upande wa dereva ndani ya korongo. Waliokuwa nyuma walirushwa. Waliumia, wakatoka. Mzee Lemayian alivutwa na wanawe. Ezra alibanwa na usukani. Wanaume walishika bodi wakajaribu kulinyanyua gari. Maji yakaja mengi zaidi, ikabidi waachie.

Ezra Yiamat alikufa hapo. Na wote aliowabeba siku ile wako hai.

Siku ya mazishi, mzee Jabiri alipanda kule juu kwa miguu, maana magari hayakupita. Alikuwa ameshapita korongoni kuiona springi ile iliyokatika. Alisimama nje ya boma, hakuingia. Mdogo wa marehemu, Eliud, akamwona, akasema kwa sauti, “Huyu ndiye aliyelilegeza gari la kaka yangu.” Mzee Jabiri hakujitetea. Alisema tu, “Ni kweli. Ni mikono hii.”

Mama Sinyati akainuka kwenye jamvi. Akamwendea, akamshika mkono. “Mzee wangu, njoo ukae huku mbele. Wewe ulimpa alichokuomba.” Akaenda kumketisha karibu na jeneza. Eliud akatoka nje.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa studio, nakupa pole Mama Sinyati, kwa mume na kwa binti. Pole Eliud. Pole mzee Jabiri, ambaye naambiwa hajafungua gereji tangu siku ile. Mungu awape nguvu.

Na sisi wengine tujiulize. Ukiliona gari limebeba mgonjwa, na dereva akakwambia shuka, utashuka?

Nina neno la mwisho, na si langu. Najua baadhi yenu mliopanda siku ile mnanisikiliza sasa hivi. Sitawataja. Mama Sinyati anawajua wote, na amenituma kwenu. Amesema hivi:

“Tunakutana kisimani, wanainamisha macho. Siwachukii. Waliogopa maji, hata mimi ningeyaogopa. Lakini mwanangu alipokufa nilikuwa nimempakata. Mume wangu alipokufa sikuwepo. Wao walikuwepo. Aliita nani? Alisema nini? Hakuna aliyekuja kuniambia.”

Kama ulikuwa pale korongoni, ndugu yangu, usimpelekee kitu. Nenda leo, ukae naye, umwambie ulichosikia.