Bitana na Tundu la Kifungo

“Kwani wamekuambia watautoaje huo mfuko wa uzazi, mwanangu?” Mama aliyekaa dirishani aliuliza kwa sauti ya kuitia wateja, na behewa zima la treni likatega sikio.

Fundi cherehani, aliyekuwa akienda hospitali kumjibu daktari kama anaukubali upasuaji wake, alinong’ona. “Saratani bado changa, haijatoka nje ya mfuko wa uzazi. Daktari anataka kutoboa vitundu tumboni na kuingiza kamera. Mfuko wenyewe utapitia njia waliyopitia wanangu.”

“Thubutu! Mimi walinipasua kuanzia kitovuni kwenda chini, wakaona kila kitu. Si unaniona mzima?”

“Mzima kabisa, mama.” Hilo hata abiria wa nyuma, aliyejifanya anasoma gazeti, asingelibisha. Na fundi mwenyewe alikuwa hajawahi kutoa bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, kupitia tundu la kifungo. Hufumua koti kwanza. “Ila anasema kupona ni kulekule, na kwa vitundu nitainuka kitandani mapema.”

“Atakosaje kusema, na tumbo si lake?”

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Mama naye alikuwa anashuka. Akainama, akakishika kikapu chake, akakiachia, akajishika tumbo. “Nishushie, mwanangu. Mshono huu, mpaka leo!”

Fundi akakinyanyua kwa mkono mmoja.