Kipaza Sauti Kisiguswe

Ndugu waombolezaji, nisikilizeni kwa sauti yangu hii hii, shemeji yetu amekwenda kuzima umeme, na mpaka arudi, kipaza sauti hiki kilicho mbele yangu asikiguse mtu, sababu mtaijua.

Marehemu kaka yangu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kimya, alizaliwa tarehe 9 Mei 1963 katika zahanati ya reli, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1984. Jina lilikuwa la utani tu, maana mdomo wake haukujua kimya, mashine ndizo alizozinyamazisha.

Mwaka 1985 aliajiriwa hospitalini kutunza mashine za kupimia moyo, zile ambazo muungurumo mdogo wa umeme huzifanya zichore mapigo yasiyokuwapo, na hadi alipostaafu alirudia yale yale mpaka tukamchoka, kwamba vyombo vinavyofanya kazi pamoja viunganishwe na waya mmoja wa ardhi, nyaya za sauti zikae mbali na nyaya za umeme, na anayekata waya wa ardhi, ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja, ili kelele ziishe amemfukuza mbwa anayebweka, akamwachia mwizi mlango.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990, wakajaliwa binti mmoja, mwimbaji, mboni ya jicho lake.

Tarehe 3 mwezi huu, katika ukumbi ambako binti alikuwa aimbe, spika zilizokuwa zikiunguruma zilinyamaza ghafla, watu wakashangilia, yeye akainuka akisema kimya cha haraka hivi kinamtisha, na binti alipokuwa ananyoosha mkono kushika kipaza sauti, baba alimuwahi, akakisukuma, na yeye aliyetufundisha kuanza kwa kuzima swichi, siku hiyo alitanguliza mkono. Wengi mmeambiwa ni moyo tu, lakini daktari alituonyesha kiganja kilivyoungua kwa umeme. Alifariki tarehe 7 alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake. Tunamshukuru na shemeji aliyetuletea spika hizi, ambazo asubuhi zilikuwa zinaunguruma, na nilipomuuliza amezinyamazishaje, akanijibu kwa furaha, "Shemeji, ni kawaya kamoja tu nimekachomoa."

Bado hajarudi. Binti yetu, ulipangiwa kuimba sasa, imba, mwanangu, lakini hapo hapo ulipoketi, sisi tutakusikia.

Kaka, pumzika kwa amani, swichi tutaizima wenyewe.