Mlisema Nina Upako, Kumbe Mirungi

Kamwene, ndugu zangu. Naona huko nyuma mmeshaanza kucheka na sijasema kitu. Leo mtanisamehe, sikuja kuchekesha. Nimekuja na hasira, na mchungaji ameniruhusu nije nazo hivyohivyo.

Mnanijua. Mimi ndiye yule wa kidato cha tatu anayeuza nyanya barabarani hapa Ilula akitoka shule, yule aliyemuiga mzee wa kanisa anavyosinzia kwenye mahubiri mpaka mzee mwenyewe akaamka na kucheka. Hilo nililifanya na akili zangu timamu. Yaliyofuata, hapana.

Mwaka jana dereva mmoja wa lori alisimama kununua nyanya, akanikuta napiga miayo. "Dogo, unalala umesimama? Tafuna hii." Akanipa kitita kidogo cha mirungi kwenye jani la mgomba. Chungu kama dawa ya minyoo! Lakini haukupita muda nikawa nalikimbilia basi kabla halijapunguza mwendo. Nikauza ndoo zote. Safari nyingine ni mimi niliyemsubiri.

Basi nikaanza kuja nimetafuna kwenye maombi ya Jumatano alasiri. Ninyi mnaomba dakika kumi mnakohoa, mimi saa nzima sijapumzika. Maneno yanatoka yenyewe, taya zinatetemeka, jasho linatiririka. Mkasema, "Kijana ana upako huyu!" Ugali ukanishinda, mkasema nimefunga. Usingizi ukapotea, mkasema nakesha nikiomba. Mkanipakia garini hadi Mbeya kwenye kongamano la vijana, nikawaombee na wa huko. Mama yangu peke yake ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, mbona mashavu yamekwisha?" Mkamwambia asizuie kazi ya Mungu. Mama yangu! Mlimnyamazisha kwa ajili ya majani!

Lakini nawaambia ukweli, mimi nilijua. Hapo ndipo ninapojikasirikia zaidi. Yakiniisha mwilini kichwa kinagonga, namtukana mdogo wangu bila sababu, nasema kesho naacha. Kesho nasikia "Amina! Ongeza!" Naongeza.

Jumatano moja akaja mbele mama mmoja, jirani ninayepanga naye nyanya kwenye makasha. Ana presha, anameza vidonge kila siku. Nikamwekea mkono kichwani. Nilivyoanza sikumbuki. Nakumbuka mdomo wangu ukipiga kelele: "Umepona! Vidonge vya nini tena?" Nilitaka tu neno linalofuata liwe kubwa kuliko lililotangulia, kama ninavyofanya nikipiga stori. Kanisa zima likasimama. Yeye akaenda nyumbani akavitupa chooni.

Wiki ya tatu alianguka juu ya kasha, nyanya zikabiringika mpaka kwenye lami. Mimi na mama yangu tukamkimbiza kituo cha afya. Mdomo umekwenda upande. Muuguzi akamuuliza, "Mama, dawa uliacha kwa nini?"

Akajibu kwa shida, "Kijana... aliniombea." Akanionyesha kwa ule mkono uliokuwa bado unanyanyuka. Na wala hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajivunia!

Mkono wangu mimi, ndugu zangu, ulikuwa mfukoni unatafuta majani. Mtu yuko kitandani kwa sababu ya mdomo wangu, na mimi nataka nitafune ili nipate cha kumwambia. Nikaukodolea macho ule mkono kama si wangu. Hakukuwa na kesho tena. Nikayamwaga majani mezani kwa muuguzi. "Nilikuwa nimetafuna haya nilipomwombea." Mama yangu akakaa chini sakafuni.

Muuguzi hakunifokea. Alimaliza kumhudumia mgonjwa, akaniambia, "Wewe nawe unaumwa. Njoo Jumatatu." Nikaenda Jumatatu hiyo na nyingine nyingi. Nililala kama gogo, nikaamka na hasira za kung'ata meza, nikala ugali wa watu watatu. Mara mbili nilikwenda mpaka lori linaposimama, mama yangu akanifuata na kunirudisha. Mwalimu wa baiolojia aliniacha nisinzie dawati la nyuma, jioni ananifundisha nilichokosa. Miezi saba sasa sijatafuna.

Mama yule yuko hapa, ameketi. Mkono wa kushoto haujarudi wote. Nilimweleza yeye kabla yenu. Akauliza, "Kwa hiyo siku ile Mungu hakuwepo?" Nikasema, "Sijui, mama. Ila mirungi ilikuwepo." Akanizaba kibao. Halafu akaniambia nimpangie nyanya zake, yeye hawezi tena kuinama.

Namshukuru kwa vyote viwili. Namshukuru muuguzi, mwalimu, na mama yangu ambaye hakuna aliyemwomba radhi mpaka leo. Mtampata hapo nje tukitoka. Wengine nawasikia mkinong'ona kwamba nimepoa kiroho. Nong'oneni! Lakini mkiona kijana anawaka mno, muulizeni kama anakula na kama analala, ndipo mseme Amina. Na wewe mwenzangu unayesema utaacha kesho, ukiona unaificha, muda umeshafika. Usingoje aanguke mtu.

Kesho asubuhi namsindikiza yule mama kuchukua vidonge. Akitaka niviombee, nitaviombea. Akishameza.