Jemima Chome, Aliyeijenga Msambweni Juu ya Meza (1971–2025)

Marehemu Jemima Chome alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971 kijijini Mwangulu, Lunga Lunga, akiwa kifungua mimba wa Mzee Chome Mramba na Bi. Mbeyu, ambao wote wametangulia. Waliomfuata ni Samuel, anayeusoma wasifu huu kwa niaba ya familia, na kitinda mimba Kahaso. Mzee Chome alikuwa mfugaji, na mtoto wake wa kwanza alitarajiwa kuchunga mbuzi, kazi ambayo, tuseme ukweli hata kama tuko kaburini, ilimshinda kabisa. Jemima alikuwa akikaa chini na magunzi ya mahindi, anajenga boma lenye nyumba, zizi na ghala, na huku mbuzi wanakwenda zao kwenye mashamba ya watu. Siku moja mbuzi walirudi wenyewe wakalikanyaga boma lote. Mzee alifika na fimbo mkononi, akamkuta binti anacheka, anasema hakuna neno, kesho atajenga jingine. Siku hiyo hakuchapwa.

Alianza masomo mwaka 1978 katika shule ya msingi ya hapo kijijini, akawa katika kundi la kwanza kabisa kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985. Masomo ya sekondari aliyamaliza mwaka 1989. Alikuwa msichana wa maneno machache. Walimu walimsifu kwa hisabati na kwa michoro, wakamlaumu kwa kupenda kukaa peke yake. Hapo walikosea. Jemima hakupenda kukaa peke yake hata siku moja, ila michezo aliyoipenda haikuwa na mchezaji wa pili.

Mwaka 1993 aliajiriwa katika hoteli moja ya ufuoni Diani, kwanza upande wa dobi, kisha kuanzia mwaka 2001 katika chumba cha watoto. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watoto wa wageni wakati wazazi wao wanaota jua. Humo chumbani palikuwa na ndoo za matofali madogo ya plastiki, yale yanayobanana bila msumari wala udongo, ambayo watoto wetu huyaita lego. Watoto wa wageni walijenga asubuhi, Jemima akawamalizia paa mchana, na jioni akabomoa kila kitu, maana kesho wangekuja wengine. Aliyajua majina ya watoto wengi mno katika kazi hiyo, na ni shaka kama yupo anayelikumbuka lake.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Bw. Harrison Dzombo, dereva wa lori kutoka Ramisi, wakaweka makazi yao Msambweni. Harrison ni mtu mwema, na yuko nasi leo, amekaa pale nyuma. Ndoa yao haikujaliwa mtoto. Mwaka 2006 Harrison alioa tena huko Kinango, akapata watoto, na hapakuwa na ugomvi wala kikao cha wazee. Alihama kidogo kidogo: leo shati, mwezi ujao redio, mpaka Jemima alipoutazama msumari ulio nyuma ya mlango akaukuta hauna kitu. Alipoulizwa alijibu, “Harrison ana watu wanaomngoja kule.”

Mwezi Mei 2016, mvua zikiwa zimewafungia wageni ndani, aliingia katika chumba cha watoto Bi. Haruko Nishida, mwalimu mstaafu kutoka Kobe, Japani, akiwa na mjukuu wake. Mjukuu alilala. Bibi akavua viatu, akakaa kwenye jamvi, akaanza kujenga. Jemima alidhani joto limempanda kichwani, maana hakuwahi kumwona mtu mzima akiyagusa yale matofali ila kwa kuyakanyaga. Kwa Kiingereza chao cha kuokoteza, bibi akainyooshea kidole nyumba aliyokuwa anaijenga Jemima, akauliza:

“Humu anakaa nani?”

“Bado hajapatikana,” Jemima akajibu.

Bi. Nishida akatafuta mtu mdogo wa plastiki, akamsimamisha mlangoni. “Basi huyu anabisha hodi,” akasema.

Jemima alikuwa akikisimulia kisa hicho kila Krismasi, na kila alipokifikisha hapo alicheka mpaka machozi. Bi. Nishida ndiye aliyemweleza kwamba huko kwao, na Uingereza, na Australia, wapo watu wazima wenye kazi na wajukuu ambao huu ndio mchezo wao, na wala hawaoni haya. Akamwingiza katika kundi lao la simu. Wajapani waliandika Kijapani, wengine Kiingereza, simu ikatafsiri kwa namna yake, na katikati yao akawamo mwanamke wa Msambweni.

Watu hao wana desturi yao. Kila mmoja hujenga kiwanja chenye ukubwa wa sinia la chai, akaweka humo kipande cha mji wake, na barabara lazima ipite na kutokea ukingoni mahali palepale walipokubaliana wote. Mwezi Mei hukutana Kobe katika ukumbi, wakavipanga viwanja vyao ubavu kwa ubavu, na barabara ya mgeni ikaungana na ya mgeni mwenzake mpaka ukapatikana mji mmoja mrefu. Wajapani na Waingereza huendesha magari upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo mtu wa Kobe angeweza kuingia Msambweni bila kugongana na yeyote. Jambo hilo lilimfurahisha Jemima kupita kiasi. Desturi ya pili ni kwamba kwao gundi ni mwiko. Kilichojengwa lazima kiweze kubomolewa, ili mwaka ujao matofali yaleyale yajenge kitu kingine, na kilichogandishwa hakipandishwi kwenye meza yao hata kikiwa kizuri namna gani.

Korona ilipoifunga hoteli mwaka 2020, wafanyakazi waliambiwa wajichukulie vilivyobaki stoo. Wenzake walibeba magodoro, feni na sufuria. Jemima alitoka langoni na ndoo mbili za matofali. Ndipo lilipoanza jina la Mama Matofali, na wapo waliosema kwamba anawajengea watoto aliowakosa. Aliyasikia hayo, na yalimuuma.

Aliiweka meza dirishani, akaanza kuijenga stendi ya Msambweni: duka la dawa, kibanda cha kutuma pesa, mkokoteni wa maji, na jirani yake Twaiba akiwa na karai lake la viazi. Twaiba alikuwa akipita kila siku na kuchungulia.

“Hodi, Mama Matofali!”

“Karibu, jirani. Ingia uketi.”

“Mie siketi, mafuta nimeyaacha motoni. Hebu, huyu mnene ndiye mimi?”

“Ndiye wewe.”

“Alaa! Basi niongezee wateja, nisisimame bure.”

Jemima alimwongezea wateja. Lakini Twaiba hakuketi, na hakuna mwingine aliyeketi. Kiti cha pili cha meza ile kilikaliwa na ndoo. Jemima alizungumza na watu wa Kobe na wa Leeds kule Uingereza mpaka simu inapata moto, kisha akaizima, na nyumba ikanyamaza. Barabara yake ilitokea ukingoni pale ilipotakiwa kutokea, halafu ikaishia kwenye ubao wa meza. Alichokitaka mwanamke huyu kilikuwa kitu kidogo mno: mtu wa kukaa upande wa pili na kuiendeleza.

Mapema mwaka 2024 Bi. Nishida alimwambia kwamba safari hii wasingetosheka na picha. Akitume kiwanja chenyewe, kwani mezani watamwachia nafasi mwezi Mei 2025. Jemima aliijenga stendi upya kuanzia chini. Wale waliomwona kanisani miezi hiyo watakumbuka jinsi alivyokuwa akiimba.

Mwezi Julai alianza kuvimba miguu, na vipimo vikaonyesha kwamba figo zake zimechoka. Alilazwa Agosti. Kahaso, ambaye ni mjane na watoto wake wamekwisha kuwa watu wazima na kutawanyika, alifunga nyumba yake Majoreni akaja kumuuguza dada yake. Yanayofuata yanasomwa hapa kwa idhini ya Kahaso mwenyewe, ambaye alisema yasiposomwa, basi wasifu huu usisomwe.

Siku moja Kahaso alikuwa akifagia ile nyumba. Akaisogeza meza, na ukuta mmoja wa duka la dawa ukaanguka. Alishtuka sana. Hakuwa amejua kwamba mji mzima umeshikana kwa kubanana tu. Akajisemea moyoni, dada yangu akirudi mgonjwa, akaukuta mji wake uko chini, itakuwaje? Akaenda dukani akanunua supaglu, akakaa kitako, akagandisha Msambweni yote: tofali baada ya tofali, na mkokoteni, na Twaiba na wateja wake, mpaka vidole vyake vyenyewe vikashikana. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa mapenzi kama ile.

Jemima aliporuhusiwa kurudi nyumbani alipelekwa moja kwa moja mezani.

“Sasa hata ukiuangusha hauvunjiki, dada,” Kahaso akamwambia.

Jemima aliutazama. Akaligusa paa kwa kidole, akajaribu kulinyanyua, mji wote ukataka kuinuka. “Ahsante, mdogo wangu,” akasema. “Umefanya kazi kubwa.” Kisha akaomba apelekwe kitandani. Baadaye aliwaarifu wa Kobe kwamba safari hii hataweza, ni mgonjwa. Hakutaja gundi kwa mtu yeyote.

Mwezi Oktoba Kahaso alirudi kutoka sokoni akamkuta uani, ameinamia beseni la maji ya moto, kisu mkononi.

“Dada, wafanya nini?”

“Naosha.”

“Waosha na kisu?”

Ndani ya beseni lilikuwamo duka la dawa, limepindika, rangi imepauka, na halikuwa limeachia hata tofali moja. Ndipo Jemima alipolazimika kueleza habari ya mwiko, na ya nafasi iliyokuwa ikimngoja Kobe. Kahaso alikaa chini palepale kwenye mchanga.

“Mbona hukuniambia siku ileile?”

“Ningekwambia, ungeona haya. Ungeona haya ungerudi Majoreni. Nami ningebaki na meza.”

Kahaso alilia. Jemima naye alilia, na alikuwa hajalia tangu hospitali. Walipomaliza, Kahaso alikwenda ndani, akaishusha ndoo kutoka kwenye kile kiti, akaketi. “Haya,” akasema, “nifundishe huu wazimu wako.”

Hakuwa mwanafunzi mwema. Alilalamika kwamba matofali ni madogo kama punje za mahindi, na macho yake si ya kazi hiyo. Ndoo zilikuwa zimebaki na matofali ya rangi za ovyo, kwa hiyo Msambweni ya pili ilikuwa na kuta nyekundu na njano ambazo mkaazi wa Msambweni hajawahi kuziona. Kahaso akajenga kiwanja chake mwenyewe, Majoreni, chenye nyumba moja na kuku. Alipokileta ubavuni, barabara zikakataa kukutana: ya Kahaso ilikuwa imekwenda kombo kwa upana wa tofali moja. Kahaso akataka kubomoa aanze tena. Jemima akamzuia mkono. Akabomoa ya kwake, iliyokuwa sawasawa kwa kipimo cha Kobe na Leeds, akaisogeza mpaka ikakutana na ya mdogo wake.

Ilikuwa mwezi Desemba. Twaiba anashuhudia kwamba alipita akasikia watu wawili wakibishana humo ndani kuhusu kuku, na akapita zake bila kubisha hodi ili asiwakatize.

Hali ya Jemima ilibadilika baada ya mwaka mpya. Alirudishwa hospitalini tarehe 12 Januari, akaaga dunia alfajiri ya Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Kahaso alikuwa kando ya kitanda. Bi. Nishida alipoarifiwa alipiga simu. Alijaribu maneno, lugha ikamshinda, akawa analia tu, na Kahaso akalia naye mpaka simu ikakatika.

Marehemu ameacha mumewe, Bw. Harrison Dzombo, wadogo zake Samuel na Kahaso, wapwa, mashemeji na wifi, jirani yake Twaiba, na marafiki zake wa Kobe, Leeds na kwingineko, ambao hakuwahi kuonana nao uso kwa uso ila mmoja. Familia inawashukuru waliomuuguza, kanisa, na ninyi nyote mliokuja kwa wingi huu. Wengi wenu leo ndiyo mara ya kwanza kuingia katika uwanja huu wa nyumba yake, na mmeketi.

Hatuombi maua. Kahaso amesema hatarudi Majoreni kwa sasa, atakaa hapa na ile meza. Kesho hema litashushwa, viti vitarudishwa kanisani, na jioni atakuwa peke yake. Tunaomba mtu mmoja, yeyote, aje. Asiseme ameacha mafuta motoni. Akaribie ndani, aketi.

Pumzika, Jemima, na huko uliko asiwepo wa kukuacha peke yako.